SOMO LA KIKUNDI: PESA YA DHARURA NAYO INA DAFTARI
Tujifunze kutokana na Bunge lilivyouliza habari za pesa za Korona

Katika somo hili tunataka tuzungumze jambo ambalo vikundi vingi huliogopa: kuuliza hesabu. Tutatumia mfano wa nchi nzima, halafu tutarudi nyumbani kwenye sanduku letu la kikundi na kwenye zahanati yetu.

Lengo la somo: Mwisho wa somo kila mwanakikundi aweze (a) kueleza kazi ya Bunge katika kuchunguza matumizi ya serikali, (b) kutaja maswali manne ya kuuliza pesa ikitumiwa kwa haraka, na (c) kujua njia ya kuuliza habari katika ofisi ya umma bila kuogopa.

Muda: Saa moja na nusu. Msomaji mmoja asome kwa sauti, wengine wasikilize. Mahali pa maswali, simameni mjadiliane.

1. TUANZE NA TULIYOYAONA WENYEWE

Nani amesahau mwaka 2020? Tarehe 13 Machi serikali ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa Korona nchini. Siku chache baadaye watoto walirudishwa nyumbani kutoka shuleni, na wengi wao walikaa mpaka Januari 2021. Tarehe 27 Machi ikaanza amri ya kutotoka nje usiku. Makanisa yakafungwa. Yalipofunguliwa Julai, tuliambiwa ibada iwe ya saa moja tu na watu wasizidi 100, na wazee waliopita miaka 58 wabaki nyumbani. Wazee wetu walilia. Mazishi nayo yakawa ya watu wachache na ya haraka, jambo ambalo kwetu ni kama kutupa mtu.

Lakini chai haikungoja. Majani yaliendelea kuchipuka, na tuliendelea kuchuma na kupeleka kituoni, tukiwa na barakoa za kitambaa na jerikeni la maji mlangoni. Sisi tulitii. Kila mmoja alilipa gharama yake.

Sasa, wakati sisi tunatii, serikali nayo ilikuwa inakusanya pesa za kutulinda. Nyingine zilitoka kwa kodi, nyingine zilikuwa msaada, na nyingine zilikuwa mkopo. Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 50 Aprili 2020. Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF, likaidhinisha mkopo wa dola milioni 739 Mei mwaka huo huo. Mkopo ni deni, na deni la serikali hulipwa na mwananchi, hata yule anayenunua kiberiti na sukari dukani. Kwa hiyo tusiseme "hizo ni pesa za serikali." Ni zetu.

Swali la kusimama: Katika kikundi chetu, ni nani aliyewahi kuuliza pesa za Korona zilikwenda wapi? Kama hakuna, ni kwa nini?

2. KILICHOTOKEA KEMSA

KEMSA ni shirika la serikali linalonunua dawa na vifaa vya hospitali, linaviweka ghalani, halafu linavisambaza. Dawa nyingi unazopewa kwenye zahanati yetu zimepitia huko. Korona ilipoingia, KEMSA ilitakiwa kununua haraka sana barakoa, glavu na mavazi ya kujikinga kwa ajili ya madaktari na wauguzi.

Agosti 2020 habari zikatoka kwenye televisheni na magazeti kwamba manunuzi hayo yana kasoro. Rais Uhuru Kenyatta aliagiza uchunguzi umalizike kwa siku 21. Wakuu watatu wa KEMSA, pamoja na mkurugenzi mkuu, wakasimamishwa kazi. Bunge nalo likamtaka Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, Bi. Nancy Gathungu, afanye ukaguzi maalum.

Ripoti ya Mkaguzi Mkuu ilitoka Septemba 2020. Tutaje mambo makubwa tu:

• Manunuzi ya shilingi bilioni 7.8 hayakufuata taratibu za sheria.

• Vitu vilinunuliwa kabla ya kujua vizuri vinahitajika kiasi gani, na bila bajeti iliyopitishwa.

• Bei zilikuwa juu. Barakoa za aina ya KN95 zilinunuliwa shilingi 700 moja, na bei ya soko ikashuka sana baadaye.

• Vifaa vya thamani ya zaidi ya shilingi bilioni 6 vilikuwa bado vimelala ghalani. Havingeweza kuuzwa kwa bei ile ile vilivyonunuliwa.

Kulikuwa pia na kampuni zilizopewa kazi ingawa zilikuwa na miezi michache tu tangu kuandikishwa, na hazijawahi kuuza vifaa vya hospitali.

Ndugu zetu, fikirini jambo hili polepole. Ghala limejaa mavazi ya kujikinga. Na Desemba mwaka huo huo wauguzi, matabibu na madaktari wakagoma nchini, na mojawapo ya madai yao lilikuwa ni kupewa vifaa vya kutosha vya kujikinga. Vitu vipo, lakini havipo mahali mgonjwa alipo. Hapo ndipo tunaona kwamba hesabu si maneno ya karatasi tu. Hesabu ni uhai wa mtu.

3. BUNGE LILIFANYA NINI?

Wengine hudhani kazi ya mbunge ni kuleta harambee na kununua mabati. Hapana. Katiba yetu ya mwaka 2010 inampa kazi nyingine kubwa. Kifungu cha 95 kinasema Bunge la Taifa litaangalia jinsi pesa za serikali kuu zinavyotumiwa. Kifungu cha 96 kinaipa Seneti kazi ya kulinda kaunti na kuangalia pesa zinazopelekwa huko. Kifungu cha 125 kinazipa kamati za Bunge nguvu kama za Mahakama Kuu za kumwita mtu yeyote aje kujibu na alete makaratasi. Hata waziri akiitwa, anakwenda.

Tangu Machi 2020 Seneti ilikuwa imeunda kamati maalum ya kuangalia hali ya Korona. Kamati hiyo iliwaomba wananchi walete maoni yao, na ikatayarisha mswada wa sheria ya kukabiliana na magonjwa ya kuenea. Kwanza iliongozwa na Seneta Johnson Sakaja wa Nairobi. Julai mwaka huo alikamatwa kwa kuvunja ile ile amri ya kutotoka usiku. Alikubali kosa, akatozwa faini ya shilingi 15,000, na akajiuzulu uenyekiti. Seneta Sylvia Kasanga akachukua nafasi yake. Hapa pana funzo kwa wenyeviti wetu: anayewauliza wengine habari za sheria, yeye mwenyewe aishike kwanza. Na akikosa, akubali na apishe mwingine, kazi iendelee.

Habari za KEMSA zilipotoka, kamati za Seneti na za Bunge la Taifa ziliwaita wakuu wa KEMSA, wakuu wa Wizara ya Afya na wafanyabiashara waliouza vifaa. Kamati ya Uwekezaji wa Umma ya Bunge la Taifa, chini ya Mheshimiwa Abdulswamad Nassir wa Mvita, ndiyo iliyowauliza wafanyabiashara hao mmoja mmoja: Ulipataje kazi hii? Nani alikupigia simu? Pesa ya kununua mali uliitoa wapi?

Mkurugenzi aliyesimamishwa alisema alikuwa amepata shinikizo kutoka wizarani. Wakuu wa wizara walikana. Sisi hatuamui nani alisema kweli; hiyo ni kazi ya mahakama. Lakini tunajifunza kitu: agizo la mdomo halina shahidi. Kama mwenyekiti anamwambia mweka hazina, "Toa tu, tutaandika baadaye," mweka hazina aseme, "Mwenyekiti, niandikie kwanza."

Je, Bunge liliwafunga watu? Hapana, Bunge halifungi mtu. Bunge huita, huuliza, huandika ripoti na kupendekeza. Kuchunguza makosa ya ufisadi ni kazi ya Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi, ile tunayoiita EACC. Kushtaki ni kazi ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Kuhukumu ni kazi ya mahakama. Ni mnyororo, na kila pete ina mtu wake. Ndiyo maana mambo huchukua muda mrefu, na ndiyo maana wananchi wakichoka kuuliza, mnyororo hulala.

Na ulilala kweli? Mei 2023 KEMSA ilirudi tena magazetini, mara hii ni zabuni ya vyandarua vya mbu ya shilingi bilioni 3.7. Rais William Ruto alimwachisha kazi katibu wa wizara na kuvunja bodi ya shirika. Ugonjwa mwingine, pesa nyingine, maswali yale yale.

4. SI KWETU TU

Tusifikiri ni Kenya pekee. Huko Uingereza, nchi tajiri, Wizara ya Afya ilikubali katika hesabu za mwaka 2020 hadi 2021 kwamba thamani ya vifaa vya kujikinga ilivyonunua ilikuwa imepotea kwa pauni bilioni 8.7. Vingine vilinunuliwa kwa bei ya juu, vingine havikufaa. Kamati mbili za bunge lao zikatoa ripoti Oktoba 2021 na kusema wazi kwamba serikali ilichelewa mwanzoni.

Jirani zetu wa Uganda nao wana funzo la aina nyingine. Aprili 2020 bunge lao lilijitengea shilingi za Uganda bilioni 10, kila mbunge milioni 20, ati za kupambana na Korona katika maeneo yao. Mbunge mmoja, Gerald Karuhanga, akaenda mahakamani kupinga, na mahakama ikaamuru pesa hizo zipelekwe kwa kamati za kupambana na ugonjwa. Basi mlinzi naye alindwe. Mbunge anayeuliza wengine naye aulizwe, na wa kumwuliza ni sisi.

5. MIZANI YA KITUO CHA CHAI

Labda mama mmoja anasema, "Mambo ya bilioni ni ya wasomi, mimi siyawezi." Mama, unayaweza, kwa sababu unayafanya kila siku ya kuchuma.

Unapofika kituoni na majani yako, unampa karani akajifungie chumbani apime peke yake? La! Unasimama pale. Unaangalia mizani imeanza kwenye sifuri. Unasikia kilo zikisomwa. Unaangalia karatasi yako imeandikwa sawa na ulivyosikia. Hata kama karani ni mtoto wa dada yako, unaangalia. Si kwamba unamchukia. Na hata mvua ikinyesha na gari likipiga honi, huachi kuangalia mizani. Siku ya haraka ndiyo siku ya kilo kupotea.

Bunge ni sisi tumesimama karibu na mizani ya serikali. Mkaguzi Mkuu ni yule anayepima tena kiwandani. Ripoti ni ile karatasi ya kilo. Kama unaweza kuuliza habari ya kilo mbili zilizopungua, unaweza kuuliza habari ya dawa zilizopungua.

6. MFANO WA KUJIFUNZA

Huu si kikundi cha kweli. Ni mfano tu wa kujadili.

Kikundi cha akina mama 25 kilichanga shilingi 200 kila mmoja wakati wa Korona, jumla 5,000, kununua ndoo za kunawia mikono. Mweka hazina alinunua ndoo 5 zenye bomba kwa shilingi 700 kila moja. Zilikuwa 3,500. Pesa iliyobaki ikanunua sabuni. Baadaye mwanachama mmoja aliona ndoo kama zile sokoni kwa shilingi 450. Kwenye mkutano akasimama:

"Mama mweka hazina, samahani, naomba kuuliza. Ndoo tulinunua wapi?"

"Kwa shemeji yangu. Ilikuwa haraka, mama. Ugonjwa ulikuwa umefika."

"Asante kwa kukimbia. Lakini risiti iko?"

"Hakuandika risiti. Kwani mnaniona mwizi?"

"Hapana, mama. Hatujasema mwizi. Tunauliza ndoo."

Ndoo 5 kwa shilingi 450 zingekuwa 2,250. Tofauti ni shilingi 1,250. Labda mweka hazina hakula hata senti moja. Labda siku ile ndoo zilikuwa zimepanda bei kweli. Lakini bila risiti na bila kuuliza bei mahali pawili au patatu, hawezi kujitetea. Risiti humlinda mweka hazina kuliko inavyomlinda mwanachama. Wahenga walisema: Mali bila daftari huisha bila habari.

Angalieni: makosa ya kikundi hiki na makosa yaliyoandikwa kuhusu KEMSA yanafanana. Tofauti ni idadi ya sifuri tu.

7. MASWALI MANNE YA PESA YA DHARURA

Yaandikeni nyuma ya daftari la kikundi:

Swali la kwanza: Nani aliamua, na imeandikwa wapi? Hata mkutano wa dharura wa watu watano chini ya mti uwe na kumbukumbu na sahihi.

Swali la pili: Tulihitaji kiasi gani? Tusinunue kwanza halafu tutafute matumizi.

Swali la tatu: Bei ilikuwa ngapi, na wengine walikuwa wanauza ngapi? Sheria ya nchi inaruhusu ofisi ya serikali kununua moja kwa moja wakati wa dharura, lakini hairuhusu kununua bila bajeti wala bila kupatana bei. Muuzaji akiwa jamaa ya kiongozi, kiongozi aseme mapema na akae kando.

Swali la nne: Vitu viko wapi sasa? Hili ndilo swali linalosahaulika. Pesa inaweza kutumiwa na risiti iwepo, na vitu vilale ghalani. Nendeni mkaone kwa macho.

8. TUFANYE NINI HAPA KABIANGA?

Tukishajizoeza katika kikundi, twende mbele kidogo.

Kwanza, zahanati. Kila zahanati au kituo cha afya kinatakiwa kuwa na kamati yenye wananchi ndani yake. Sheria ya mwaka 2023 inaruhusu vituo vya afya vya umma kubaki na pesa vinazokusanya, zitumike pale pale. Kwa hiyo kamati hizo sasa zina pesa mkononi. Ulizeni: wanakamati ni nani? Walikutana lini? Dawa zilizoletwa mara ya mwisho ni zipi?

Pili, barua. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo na serikali. Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 inasema ofisi ikupe jibu kwa siku 21. Unaweza kuandika kwa Kiswahili au kwa Kiingereza. Huhitaji kueleza unataka habari hiyo kwa nini. Asiyejua kuandika aende aseme kwa mdomo, na afisa anatakiwa amwandikie. Kuomba ni bure. Utalipa tu gharama ya kutoa nakala. Wakikataa, unaweza kulalamika kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile iitwayo Ombudsman.

Tatu, wawakilishi. Hospitali na zahanati nyingi ziko chini ya kaunti, na anayeiangalia serikali ya kaunti ni bunge la kaunti. Hivyo mwakilishi wetu wa wadi akija kwenye mkutano, asiulizwe tu habari ya mchango. Aulizwe: "Mheshimiwa, ripoti ya Mkaguzi Mkuu kuhusu kaunti yetu mliijadili? Mliamua nini?" Katiba inataka ripoti za Mkaguzi Mkuu zijadiliwe ndani ya miezi mitatu tangu zifike. Na kifungu cha 119 kinampa kila mtu haki ya kupeleka ombi Bungeni. Haihitaji mtu mkubwa.

Tunawaomba tena: ulizeni kwa heshima. Msiende na matusi wala na uvumi. Ukisema "fulani ameiba" bila ushahidi, umemkosea jirani na umeharibu kazi. Uliza, pokea jibu, andika, rudi kwa kikundi.

9. NENO LA MUNGU

Someni 2 Wakorintho mlango wa 8, mstari wa 16 hadi 24. Kanisa la Yerusalemu lilikuwa na shida, na makanisa mengine yalichanga. Ilikuwa pesa ya dharura. Paulo alikuwa mtume, mtu wa kuaminiwa. Lakini hakuibeba pesa peke yake. Alimtuma Tito pamoja na ndugu wengine, mmoja wao akiwa amechaguliwa na makanisa yenyewe, ili pasiwe na mtu wa kuwalaumu juu ya mchango mkubwa ule. Kama Paulo alikubali kuangaliwa, ni nani kati yetu atakayesema kuulizwa ni kuvunjiwa heshima?

10. MASWALI YA KUJADILI

1. Korona ilipofika, kikundi chetu au kanisa letu lilichanga nini? Daftari lake liko wapi?

2. Kati ya yale maswali manne, lipi ni gumu zaidi kwetu kuuliza? Kwa nini?

3. Mwenyekiti akiwa mzee wa kuheshimiwa, tutamwulizaje bila kumvunjia heshima?

4. Nani miongoni mwetu yuko katika kamati ya zahanati? Kama hatujui, nani atakwenda kuuliza wiki hii?

Kazi ya nyumbani: Kabla ya mkutano ujao, mweka hazina na wanachama wawili wasio viongozi wakae pamoja wapitie matumizi ya miezi mitatu iliyopita, risiti kwa risiti. Na wanachama wengine wawili watembelee zahanati waulize swali moja tu: dawa zilizoletwa mara ya mwisho ni zipi, na zimebaki ngapi? Waandike jibu, walete.

Ugonjwa mwingine utakuja siku moja. Wazee wetu waliona ndui na surua, sisi tumeona Korona. Utakapokuja, pesa zitatoka tena kwa haraka. Tuwe tumesimama karibu na mizani.